Kwenda Doha Kumtafuta Bwana Gotobed

Nilikwenda Doha kwa sababu ya mtoto mchanga na jina la ukoo wetu. Mtoto ni wa kaka yangu Zakayo, ambaye wengi wenu hapa Muheza mnamkumbuka kama golikipa aliyefungwa kwa kushangaa ndege. Jina la ukoo ni Gotobedi. Mmelizoea kiasi kwamba hamlisikii tena, lakini mimi nalisikia kila siku tangu darasa la tano, siku mwalimu wa Kiingereza alipoliandika ubaoni akalikata vipande vitatu. Go. To. Bed. Nenda ukalale. Darasa zima lilicheka, na mimi nikaanza kufikiri, na sijaacha mpaka leo.

Nyumbani maelezo yalikuwa mafupi. Baba, mzee Daudi, alituambia kwamba babu alifanya kazi shamba la mkonge, na meneja wake, Mwingereza aliyeitwa Bwana Gotobed, alimpenda hata akampa jina lake. Baba alisimulia hivyo akiwa ameketi wima, kama mtu anayepigwa picha. Hatukuuliza zaidi.

Mwaka 2012, mwezi wa kumi, Zakayo alipiga simu kutoka Doha. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye hoteli moja ya West Bay, kule kwenye maghorofa marefu. Mkewe Akinyi, muuguzi, Mkenya wa Kisumu, alikuwa amejifungua binti.

"Tumaini," kaka aliniambia, "mtoto nitamwandikisha Atieno Zakayo Daudi. Gotobedi inaishia kwangu. Khalas, basi."

"Baba je?"

"Jina lake si limo? Daudi. Atafurahi."

Baba hakufurahi. Alikuwa amekaa karibu nami akisikia kila neno. Kisha Zakayo akaongeza jambo kama mtu anayekumbuka salamu aliyosahau kuifikisha: kuna mama Mwingereza anayekuja hotelini kwao kunywa chai, ameona beji yake, akamwambia kwamba mama yake mzazi alizaliwa akiitwa Gotobed.

Baba alisimama. "Nenda," akaniambia. "Wewe ndiye shangazi. Kwetu shangazi ndiye anayemtoa mtoto nje siku ya arobaini na kulitaja jina lake lote mbele za watu. Utatajaje jina usilolijua? Nenda ukamwulize huyo mama habari za Bwana Gotobed. Zakayo akijua tumetoka kwa mtu gani, hatalitupa."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kazi sikuwa nayo. Akinyi alihitaji mtu wa kukaa na mtoto siku chache kabla hajarudi zamu, akanishughulikia viza. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunipeleka. Mimi nilikuwa na daftari. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeandika maswali kumi na saba ya kumwuliza huyo mama, na swali la tisa lilininyima usingizi: je, akilidai jina lake?

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, saa tisa alfajiri. Kijana wa kaunta alifungua pasipoti yangu, akasoma, akatabasamu.

"Dada Gotobedi. Nikupe kiti cha dirishani ukalale vizuri?"

"Cha njiani," nikasema. Nilikuwa nimeamua wiki mbili kabla kwamba cha njiani ni salama zaidi, ingawa sasa siwezi kuwaelezeni ni salama kwa nini.

Ndege iliruka kabla ya jua. Abiria wengi walikuwa vijana wa kazi, wamebeba bahasha za vyeti mapajani kama watoto wanaokwenda kuanza shule. Mama mmoja wa Unguja aliyekaa pembeni yangu alikuwa anarudi kwa familia anayoifanyia kazi. Aliniuliza nakwenda kufanya kazi gani. Nikamwambia nakwenda kuuliza jina. Alinitazama kidogo, akanipa nusu ya andazi lake, akafumba macho.

Saa tano asubuhi tulitua Doha. Saa yangu ya mkononi haikuhitaji kurekebishwa, kwa kuwa saa zao na zetu ni zile zile, na jambo hilo dogo lilinituliza kuliko dua zote nilizosoma angani. Basi lilitubeba kutoka kwenye ngazi za ndege hadi jengoni. Hewa ilikuwa kavu, na mwanga mweupe kama wa chumba kilichopakwa chokaa jana.

Afisa wa uhamiaji, kijana mwenye kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka ikasimama yenyewe, aliitazama viza yangu ambako jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Tumaini Daudi Jutubidi," akasoma polepole, bila kucheka hata kidogo. "Karibu."

Nilipomsimulia Zakayo nje, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, akacheka mpaka akashika gari la mwenzake alilokuwa ameazima. "Umeona? Kwa Kiarabu tuna heshima zetu zote. Jutubidi! Unaweza kudhani tuna ngamia mia mbili."

Kisha nikaiona beji. Ilikuwa kifuani, upande wa kushoto, imegeuzwa; akanionyesha upande wa mbele, herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi: Z. GOTOBED. Waliotengeneza walikuwa wameiona I ya mwisho, wakadhani ni kosa la uchapaji, wakaifuta.

"Mlinzi wa usiku," Zakayo akasema, akiwasha gari. "Nimesimama mlangoni. Mgeni anashuka kwenye lifti, anasoma kifua changu, anakuta anaambiwa akalale. Wengine wanapiga picha. Mama mmoja alikwenda kwa mudir, meneja wetu, kunishtaki kwamba namfokea kwa maandishi."

"Mudir akasemaje?"

"Akaniambia niigeuze beji. Nikaigeuza. Sasa wageni wanasema mlinzi gani hana jina." Alicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi, na mpaka tunafika kwao Al Rayyan hakuitaja beji tena.

Al Rayyan, mchana. Walikaa kwenye nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba kwa kuta nyembamba. Upande mmoja walikaa madereva wa Uganda, upande wa pili mke na mume wa Mombasa. Akinyi alinipokea mlangoni na mtoto begani.

"Wifi! Karibu sana. Shika huyu, mimi mkono umekufa."

Nikamshika. Atieno alikuwa na wiki tatu na kidogo, amekunja uso kama karani aliyeletewa fomu zisizokamilika. Nilimpenda papo hapo, na papo hapo nikaanza kuhofia kumwangusha.

Wakati wa chakula Akinyi hakuzunguka. "Wacha nikuambie ukweli, wifi, ndio usiseme sikukuambia. Mtoto wangu ni Atieno kwa sababu alizaliwa usiku. Mimi ni Akinyi, nilizaliwa asubuhi. Kwetu Wajaluo jina ni saa yako ya kuingia duniani. Sasa piga hesabu. Atieno Gotobedi. Aliyezaliwa usiku, nenda ukalale! Aki ya nani, huyu akienda shule si watamchapa na hiyo jina kama ngoma?"

"Mimi nilichekwa," nikasema. "Nikapona."

"Umepona?" Zakayo akauliza. "Wewe unayeandika maswali ya kumwuliza mtu unayekwenda kunywa naye chai?"

Akinyi alieleza kwamba Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, wangekwenda kuandikisha. Jina la tatu lilikuwa hiari ya baba, la babu wa mtoto au la ukoo, mradi lionekane kwenye hati zake. Leo ilikuwa Jumatano. Baba yangu alikuwa na siku nne, na siku hizo alikuwa amezikabidhi kwangu.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, tulikwenda Umm Salal kwa yule mama Mwingereza. Barabara ilikuwa tupu, kila mtu yuko nyumbani na sinia la wali. Tulipita viwanja vya vumbi, kuta ndefu za udongo, kisha ghafla mashamba ya mitende yaliyozungushiwa ukuta na minara ya zamani imesimama nyuma yake. Akinyi alikaa nyuma na mtoto. Mimi nilikuwa narudia maswali kimoyomoyo. Nilikuwa nimeongeza mawili: je, Bwana Gotobed alikuwa mtu mwema? Na je, babu alikuwa mtoto wake? Hilo la mwisho nililiandika kwa penseli.

Mwenyeji wetu aliitwa Hilary. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ya majani na magoti yenye udongo. Alikodi nyumba ndogo ukutani mwa shamba la watu, akapewa ruhusa ya kulima nyanya. Kiswahili alijua neno moja, karibu, na alilitumia kwa kila kitu: kwa kiti, kwa chai, kwa keki, hata kwa paka.

Alimtazama Zakayo, akamtazama mtoto, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo ninyi ndio ukoo wa mama yangu," akasema kwa Kiingereza, nami nawafasiria hapa. "Nimesubiri sana kukutana na Gotobed mwingine. Nilidhani tumekwisha."

Nilifungua daftari. Alipoona orodha alipandisha miwani, akasema, "Umejiandaa kuliko wanafunzi wangu wote," akaanza kujibu hata kabla sijauliza.

Jina Gotobed, alisema, ni la zamani sana na ni adimu sana. Linatoka mashariki ya Uingereza, katika nchi tambarare yenye maji mengi karibu na mji wa Cambridge, mahali ambapo ukisimama juu ya ndoo unaona wilaya tatu. Huko limeandikwa kwenye orodha za kodi tangu enzi ambazo watu walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuwa na majina ya ukoo. Wapo wanaosema lilikuwa jina la utani la mtu mmoja mvivu, au mtu aliyelala mapema kuliko majirani.

"Mama yangu aliamini hivyo," akasema. "Alipoolewa aliliacha jina kwa furaha, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Mjomba wangu aliteswa nalo jeshini. Binamu zangu walilibadilisha. Ndiyo maana kwetu hakuna tena anayeitwa hivyo. Hatukufa kwa ugonjwa wala vita. Tumeona haya mmoja mmoja mpaka tukaisha."

Zakayo aliweka kikombe chini. Akinyi akamtazama.

"Lakini wapo wanaosema vingine," Bi Hilary akaendelea. "Kwamba mwanzoni halikuwa amri kabisa. Lilikuwa jina la mtu, jina la kale lenye sauti inayofanana, lenye Mungu ndani yake. Watu wakasahau maana. Masikio yao yakasikia maneno wanayoyajua, wakaliandika wanavyolisikia. Jina zuri likageuka amri ya kwenda kulala."

Niliandika kwa kasi. Kisha nikauliza swali la kwanza, ambalo ndilo baba alinituma. Bwana Gotobed wa shamba la mkonge alikuwa nani kwake?

Bi Hilary alitikisa kichwa polepole. "Nimewaza tangu nilipoona beji. Nimemwuliza dada yangu, naye ndiye anayetunza karatasi za familia. Hatumjui yeyote aliyekwenda Afrika. Sisi ni watu tusiopenda hata kuvuka mto."

Nilimwona baba ameketi wima. Nilijiona nikishuka stendi ya Muheza na daftari lenye majibu ya maswali yote isipokuwa la kwanza. Zakayo alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Hata huyo Mzungu mwenyewe hakuwepo. Tunabeba jina la nani basi?"

Akinyi ndiye aliyesema, "Si mna nyanya yenu yule wa Pangani? Pigeni simu. Mnakaa hapa kama watu wa kesi."

Nyanya kwa Wakenya ni bibi. Alikuwa anamsema Bibi Agnesi, mdogo wake babu, ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Sikuwa nimefikiria kumpigia. Nilikuwa nimefikiria kila kitu kingine. Tuliweka simu katikati ya meza, kati ya keki na nyanya, sauti wazi.

"Nani?" Bibi Agnesi akapaza sauti, kana kwamba Doha iko ng'ambo ya mto na inabidi tusikie bila simu.

"Ni Tumaini, bibi! Wa Daudi! Shikamoo!"

"Marahaba! Mmekula?"

"Tumekula, bibi. Tuna swali. Yule Mzungu aliyempa babu jina, Bwana Gotobed..."

"Mzungu gani?"

"Wa shamba la mkonge."

"Hakuna Mzungu wa jina hilo! Kaka yangu hakukata mkonge hata siku moja, alikuwa na mgongo mbovu. Alikuwa mlinzi! Mlinzi wa bweni la wasichana, pale misheni. Hamjui?"

Hatukujua. Zakayo alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Bibi akasimulia, na mimi nikawa namfasiria Bi Hilary vipande vipande. Babu aliitwa Mhina. Msimamizi wa bweni, Mzungu mwanamke mkali, alimpa kengele na kumfundisha maneno matatu ya Kiingereza. Kila usiku saa tatu apite chini ya madirisha, apige kengele, aseme maneno yale. Babu hakujua Kiingereza, na hakuna aliyemwambia maana. Aliona tu kwamba ni maneno ya kuwaambia wasichana kabla ya kulala, akadhani ni salamu. Ya kuagana. Ya kutakiana heri.

"Basi akawa anavua kofia!" Bibi alipaza sauti. "Anavua kofia kwa kila dirisha, kwa upole, 'Gotobedi, wanangu. Gotobedi.' Na wasichana wale wajanja wanajibu, 'Gotobedi, baba!' Akaona imekubalika. Akaanza kuitumia mchana. Sokoni, 'Gotobedi, mama.' Msibani, 'Gotobedi, poleni.' Siku askofu alipokuja, kaka yangu akapiga goti, 'Gotobedi, baba askofu!'"

"Askofu akafanyaje?" Zakayo akauliza.

"Alikuwa mtu mzima, amechoka na safari. Akasema asante, akaenda akalala!"

Bi Hilary, nilipomaliza kumfasiria hili, aliweka uso ndani ya kofia yake ya majani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Akinyi alikuwa anacheka bila sauti ili asimwamshe mtoto, machozi yanamtiririka.

"Karani wa kodi alipokuja," Bibi akaendelea, "akauliza huyu anaitwa nani, watu wote wakasema Gotobedi. Akaandika."

"Na babu hakujua maana?" nikauliza. "Hata mwisho?"

"Alijua. Msichana mmoja alimhurumia akamwambia. Kisha akasema, kumbe ni zuri kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nawaambia wakalale, mimi niko macho."

Nililifasiri hilo kwa Bi Hilary neno kwa neno.

"Kwa nini basi baba anasema ni Mzungu?" nikauliza mwishowe.

"Baba yako alichekwa shuleni, akarudi nyumbani analia. Kaka yangu akamtungia Mzungu, wa shamba kubwa. Siku zile Mzungu alikuwa dawa ya kila kicheko. Mtoto akaacha kulia. Ungekuwa wewe ungemnyang'anya?" Akakohoa. "Haya, salio langu."

"Bibi, ni sisi tuliopiga!"

"Hata hivyo," akasema, akakata.

Akinyi alifuta macho kwa ukingo wa kanga. "Zakayo," akasema. "Huyo mzee wenu alikuwa Mjaluo."

"Acha, wewe."

"Si alipewa jina kwa saa yake? Saa tatu usiku, kila siku, mbele ya mashahidi! Hata sisi hatuna ushahidi kama huo." Akamtazama mtoto. "Lakini bado sijasema ndiyo. Usinitazame hivyo, wifi. Jina ni ya baba yake. Mwulize baba yake."

Baba yake alikuwa bado ameushika ukingo wa meza. Bi Hilary alikuwa akinong'ona peke yake kwa mshangao: kwao jina lilikuwa la mtu, likasikiwa vibaya, likawa amri; kwetu lilikuwa amri, ikasikiwa vibaya, ikawa jina. "Mmelirudisha," akasema, akamshika Zakayo mkono. Halafu akauliza tuko wangapi. Nikahesabu watoto wa babu, wajukuu, vitukuu, nikapita thelathini nikiwa bado sijafika upande wa shangazi. Alisimama, akatufungia nyanya zote zilizoiva.

Njiani kurudi, jua limelala juu ya mitende, Zakayo aliendesha bila redio. Tulipokaribia Al Rayyan alisema, akitazama barabara, "Miaka sita nasimama mlangoni mwa watu, wao wanapanda kulala. Sikujua ni kazi ya ukoo."

Nilitaka kumjibu kwa jambo kubwa. Nilitafuta mpaka tukafika, sikulipata, na nadhani ilikuwa heri.

Jumapili asubuhi, ofisi ya kuandikisha vizazi. Tulikaa kwenye viti vya chuma tukiwa na namba yetu. Zakayo alikuwa ametoka zamu, na beji ilikuwa kifuani, imegeuzwa. Aliomba kalamu yangu. Aliandika Atieno. Aliandika Zakayo. Kisha akasimama pale, kalamu hewani, muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu vigae vya sakafu.

Akaandika Gotobedi.

Akinyi alisoma, akashusha pumzi, akamvutia mtoto kifuani. Hakusema ndiyo wala hapana. Lakini karani alipoipokea fomu, mtu mpole wa India mwenye miwani mizito, akasoma, akasita, akainua macho na kuanza kuuliza kama ni 'go to bed' kama Waingereza wanavyosema, Akinyi ndiye aliyemkatisha.

"Kama hivyo hivyo," akamwambia. "Na I mwishoni. Bila hiyo si sisi."

Karani akaiweka I. Tulipokuwa tunatoka niliona Zakayo amepeleka mkono kifuani na kuigeuza beji, herufi zikatazama nje.

Siku ya arobaini ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, uani kwao Al Rayyan. Madereva wa Uganda walileta ndizi, jirani wa Mombasa akapika pilau, na mama wa Unguja niliyekaa naye ndegeni tukapeana namba alikuja, mabosi wake wamempa ruhusa ya saa mbili. Bi Hilary alikuja na paka ndani ya kikapu, kwa sababu ambazo hakuzieleza. Zakayo alikuwa amekwisha kuwasimulia wote.

Nilisimama kizingitini na mtoto. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi ile mara nyingi kiasi kwamba maneno yalikuwa yamepoteza maana. Niliogopa sauti itakatika. Niliogopa nitasema jina langu badala ya lake. Niliogopa watacheka. Nikatoka nje, jua likampiga Atieno usoni, akapiga chafya.

"Huyu," nikasema, "ni Atieno Zakayo Gotobedi."

Na uwanja mzima, Waganda, Wakenya, Wazanzibari, na Mwingereza mmoja aliyevua kofia yake ya majani, ukajibu kwa pamoja, "Gotobedi, mama!"

Walicheka, ndiyo. Lakini walicheka wakinitazama machoni, na mimi nikacheka nao, na mtoto akalala papo hapo mikononi mwangu, akaitii salamu ya babu yake mkuu.

Nilirudi Muheza wiki iliyofuata. Baba alinipokea stendi, akabeba begi langu, na hatukuzungumza mpaka tulipofika nyumbani na kukaa. Nilikuwa nimepanga njia tano za kumwambia. Nilitumia ya sita, nikasema tu yote tangu mwanzo, nikimtazama mikono.

Nilipofika kwenye habari za Mzungu wa kutungwa, alivua miwani.

"Alinitungia mimi?"

"Ndiyo, baba. Ili usilie."

Alifuta miwani kwa shati, upande mmoja, halafu wa pili. "Nakumbuka siku hiyo," akasema. "Alinibeba mgongoni kutoka njia panda, na mgongo wake ulikuwa mbovu." Akaivaa miwani. "Basi hiyo ya Mzungu nayo sitaitupa. Ni ya baba mwenyewe." Kisha akauliza kama nimemtaja mtoto kwa sauti inayosikika, nikamwambia hata paka alisikia.

Nilidhani nimekwenda Doha kutafuta mtu aliyetupa jina, kana kwamba jina ni mzigo wenye stakabadhi na ukimpata mtumaji mambo yamekwisha. Sikumpata mtumaji. Nilichojifunza ni kwamba jina hudumu kwa wale wanaoliitikia. Kule kwao Bi Hilary watu waliacha kuitika, likaisha. Kwetu mlinzi mmoja alilivulia kofia, likashika.

Jumapili baada ya ibada baba aliniambia tuzunguke kwa majirani, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa amewapa habari isiyo kamili na ilimpasa kuwarekebishia. Kwenye nyumba ya kwanza alisimulia kama nilivyomsimulia mimi. Kwenye ya pili kengele zilikuwa mbili. Kwenye ya tatu, askofu alikuwa amevua kofia yake naye, akainama, akasema "Gotobedi, mzee Mhina," na kwaya nzima ya misheni ikaitika. Mimi nimesomea utunzaji wa kumbukumbu. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Baba alikuwa amesimama katikati ya sebule ya watu, anapunga kengele isiyoonekana, na wenyeji wameacha chai yao inapoa. Nikafumba mdomo, nikavuta kiti mbele, maana sikujua itaishaje.